Bakshishi Yenye Tai

Nchi ya Karamani haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asimtupie jirani yake jicho la pembeni akiwa anasoma habari hii. Ni nchi njema sana. Sarafu yake inaitwa tonge, mji wake mkuu unaitwa Sahanini, na rais wake ni Mtukufu Baba wa Shibe, aliyechaguliwa mara saba kwa kura zote, zikiwemo za watu waliokuwa wamelala.

Mjini Sahanini ilikuwapo hoteli kubwa kuliko zote, Neema Tele, na ndani ya Neema Tele alikuwapo mhudumu mmoja aitwaye Mashavu binti Kombo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Aliweza kubeba sahani sita kwa mikono miwili, na aliweza kumkumbuka mteja asiyekula kitunguu hata kama alifika mara moja tu, mwaka juzi, tena kwa sababu ya mvua. Wateja walimpenda. Wakishashiba walimtilia kitu mkononi, wakamwambia, "Chukua, dada, ukanywe soda." Mashavu alishukuru kwa moyo mmoja, akatembea hatua nne, akakitumbukiza kile kitu katika kisanduku cha bati kilichosimama mbele ya ofisi ya meneja. Soda yenyewe hakuwahi kuinywa. Karamani ilikuwa na Sheria ya Bakshishi.

Sheria hiyo iliandikwa na Mheshimiwa Daktari Pius Shangwe, Waziri wa Ukarimu, Bakshishi na Shukrani za Wananchi. Aliipeleka bungeni kwa hotuba ya saa nne.

"Waheshimiwa," alisema, "fedha ya mshahara ina jasho, na jasho lina adabu. Lakini bakshishi ni fedha iliyokuja ikicheka! Mtumishi akizoea fedha inayocheka, kesho atataka na mshahara wake ucheke!"

Wabunge walipiga meza kwa furaha mpaka moja ikapasuka, na gharama ya meza hiyo wakakatwa wahudumu wa kantini ya bunge.

Kwa sheria hiyo, bakshishi ya aina yoyote iligawanywa mafungu saba. Matatu yalikuwa ya uongozi wa hoteli, kwa kazi ngumu ya kuwa uongozi. Mawili yalikuwa ya vyombo vilivyovunjika, na kama havikuvunjika, ya vile ambavyo vingeweza kuvunjika. Moja lilikuwa la serikali. Lililobaki lilikuwa la mhudumu mwenyewe, lote kabisa, baada ya makato.

Na makato hayo yalipangwa kwa haki isiyo na upendeleo. Mashavu alikatwa kwa ajili ya sare, kwa ajili ya kuifua sare, na kwa ajili ya sare kuchakaa kwa kufuliwa mno. Alikatwa ya zulia, kwa kulikanyaga. Alikatwa ya harufu, kwa sababu mhudumu aliyevuta pumzi karibu na pilau alihesabiwa kuwa amekula robo sahani. Alikatwa hata ya tabasamu, kwani tabasamu lilikuwa mali ya hoteli, na baadhi ya wahudumu walionekana wakiondoka nalo kwenda nyumbani.

Meneja, Bwana Ngwada, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufuata sheria, na hiyo ni hatari zaidi. Alitembea nayo katika mfuko wa koti, nakala yenye jalada jekundu, na kila alipomkata mtu alimwonyesha kifungu kwa upole, kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha ya mfupa wake.

*

Sasa kulikuwa na mhudumu mwingine pale, Mzee Kitwana, ambaye alikuwa na miaka sitini na minane na magoti ya miaka tisini. Yeye ndiye aliyemfundisha Mashavu kazi: namna ya kumimina chai bila kutazama birika, namna ya kumwambia mtu mkubwa kwamba ana mchicha kwenye jino. Mashavu alimwita baba, naye akamwita mwanangu.

Mzee Kitwana alipaswa kustaafu miaka minane iliyopita. Dada yake, Bi Mwanaheri, alikuwa akimngojea kijijini kwao Kigongoni, na kila sikukuu alimwandikia barua yenye maneno yaleyale: "Chumba chako nimekipaka chokaa tena. Unakuja au nipake mara nyingine?" Lakini sheria ilikataza mtumishi anayedaiwa na mwajiri wake kuacha kazi, na Mzee Kitwana alikuwa anadaiwa bakuli la supu.

Bakuli lenyewe lilivunjika mwezi wake wa kwanza kazini, miaka thelathini na mmoja nyuma. Wala hakulivunja yeye. Mgeni mmoja alipiga chafya kubwa, bakuli likaruka. Lakini mgeni hakatwi mshahara. Tangu hapo deni lile lilikuwa likizaa kila mwaka kama sungura, na Mzee Kitwana alikuwa ameshalilipa bakuli lile kwa thamani ya kiwanda kizima cha mabakuli, na bado.

Jumanne moja, mchana, akiwa amebeba trei ya glasi tupu, goti lilimgeuka. Alianguka chali katikati ya ukumbi. Wateja walisimama. Mashavu alikimbia, akampakata kichwa.

"Baba! Baba, umeumia?"

Mzee Kitwana alifumbua jicho moja. "Glasi ngapi?"

"Achana na glasi!"

"Nihesabie kwanza, mwanangu. Nikijua idadi ndipo nitajua kama nina nguvu ya kuamka."

Bwana Ngwada alifika na kitabu chake chekundu. Alisikitika kweli, machozi yakamlengalenga. Kisha akamkata mzee glasi tisa, na kelele.

"Kelele gani tena, bosi?" akauliza Mashavu.

"Ameanguka kwa kishindo. Wateja wawili wamestuka. Kifungu cha kumi na nne, usumbufu wa masikio."

Siku hiyo Mashavu hakula chakula cha mchana. Alivua aproni, akaomba ruhusa ya saa mbili, akakatwa saa nne, akaenda zake Ofisi ya Haki za Wafanyakazi.

Ofisi hiyo ilikuwa na madirisha matano. Katika la kwanza walimwambia kwamba malalamiko yote hupokelewa kwa furaha, mradi yaambatane na barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba anamwonea mlalamikaji. La pili lilikuwa la kugonga mhuri kwamba umetoka la kwanza. La tatu lilikuwa limefungwa kwa heshima ya siku ya wafanyakazi, iliyokuwa imepita miezi miwili. Katika la nne mlikuwa na karani anayekula mihogo, naye kwa bahati alikuwa mtu mwema.

"Dada yangu," alimwambia akiwa anajifuta mafuta vidoleni, "usihangaike na dirisha la tano, hilo ni la kutokea. Ipo hati moja tu ya kumfungua mtumishi mwenye deni. Hii hapa. Nimekujazia kila kitu. Inataka saini ya Waziri peke yake."

"Na Waziri napataje kumwona?"

Karani alicheka mpaka muhogo ukampalia. Mashavu alimgonga mgongo, akaikunja hati, akaiweka kifuani.

*

Wiki iliyofuata ilikuwa Sikukuu ya Ukarimu, na Mtukufu Baba wa Shibe alikuja Neema Tele kula chakula cha mchana na mawaziri wake wote. Barabara zilifungwa tangu alfajiri. Kuku walifungwa miguu wasivuke ovyo. Mashavu ndiye aliyechaguliwa kuhudumia meza kuu.

Ilimbidi kila mtu ajue kwamba Rais anapenda pilipili. Picha yake ilining'inia katika kila ofisi ikiwa na maneno "Simba Asiyeogopa Pilipili", na wapishi wa taifa zima walimtilia pilipili kwa uzalendo. Lakini Mashavu, kwa jicho lake la kazi, aliona jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa mihula saba. Mtukufu alikuwa akizisogeza pilipili pembeni kwa ncha ya uma, moja moja, akizificha chini ya jani la saladi, na paji la uso lilikuwa likimtoka jasho jembamba la mateso.

Mashavu aliichukua ile sahani kana kwamba anaiondolea nzi, akazunguka nayo nyuma ya pazia, akarudi na nyingine iliyofanana nayo kabisa: samaki wa kupaka, nazi tupu, tamu, isiyo na pilipili hata ya kumwonyesha mtoto.

Rais alitia tonge mdomoni. Akatulia. Akatia la pili. Mawaziri wote wakaacha kutafuna, wakingoja kujua kama wafurahi au waogope.

"Binti," Rais alinong'ona, na sauti ilikuwa imelowa. "Umejuaje?"

"Nimekuona unavyohangaika, Mtukufu," alinong'ona Mashavu. "Kula tu. Sitasema."

Miaka ishirini na minane Mtukufu hakuwa amekula chakula kisichomwunguza. Alikula sahani tatu. Alipomaliza akajisikia moyo umejaa kama kibuyu, akataka kumpa mhudumu bakshishi. Akapapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto. Hakuwa na kitu. Fedha zote za Karamani zilikuwa na sura yake, na tangu zamani washauri walimwambia haifai mtu kutembea amejibeba mwenyewe mfukoni.

Akatazama huku na huku. Karibu naye zaidi alikuwa Waziri Shangwe, aliyekuwa akicheka kwa nguvu mzaha ambao Rais hakuwa bado ameusema.

"Chukua huyu," alisema Rais.

"Nani, Mtukufu?" aliuliza Mashavu.

"Huyu mwenye tai ya kijani. Nimekupa. Ni bakshishi yako."

Ukumbi ulipiga makofi. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Waziri Shangwe alicheka kuliko wote, akajifuta machozi, akampongeza Mtukufu kwa ucheshi wake usio na mfano. Aliendelea kucheka Rais alipoondoka. Aliendelea, kwa sauti ya chini kidogo, mawaziri wenzake walipoondoka pasipo kumuaga. Alipofika nje, gari lake lilikuwa linawashwa.

"Fungua mlango, dereva!"

Dereva alishusha kioo nusu. "Samahani, Mheshimiwa. Nina maelekezo ya kubeba waziri. Sina maelekezo ya kubeba bakshishi." Akaenda zake.

Maana katika Karamani, kwa mujibu wa katiba, zawadi ya Rais hairudishwi, haibadilishwi, wala haikataliwi. Aliyekataa mara ya mwisho bado anatafutwa na ndugu zake.

Waziri alirudi ukumbini taratibu. Bwana Ngwada alikuwa amesimama mbele ya kisanduku cha bati, kitabu chekundu mkononi. Sheria ni sheria.

"Mashavu," alisema kwa sauti iliyokauka, "lete bakshishi."

Mashavu alimshika Waziri kiwiko kwa adabu, akatembea naye hatua nne. "Hii hapa, bosi."

"Ngwada!" alifoka Waziri. "Huu ni upuuzi gani?"

"Mheshimiwa, nisamehe. Imeandikwa 'bakshishi ya aina yoyote'."

"Nani mpumbavu aliyeandika 'yoyote'?"

Bwana Ngwada alimwonyesha ukurasa wa tatu, chini kulia. Waziri alikitazama kitabu kile kwa muda mrefu. Kilikuwa na picha yake jaladani.

*

Kisandukuni Waziri hakuingia, ingawa walijaribu. Ikabidi agawanywe kwa siku. Mafungu saba, siku saba, na ilionekana wazi kwamba sheria ile iliandikwa kwa hekima ya mbali. Jumatatu, Jumanne na Jumatano Waziri alikuwa wa uongozi wa hoteli. Alhamisi na Jumamosi alikuwa wa vyombo vilivyovunjika. Ijumaa alikuwa wa serikali, kama kodi, na siku hiyo aliruhusiwa kuwa Waziri. Jumapili alikuwa wa Mashavu, lakini baada ya makato ya sare, zulia, harufu na mengineyo, alibaki naye kuanzia saa nane mchana hadi saa tisa kasorobo.

Jumatatu asubuhi alipewa sare. Haikumtosha, wakaongeza kitambaa cha tumboni, akakatwa kitambaa. Akalikanyaga zulia, akakatwa. Saa nne alipita karibu na pilau na, kwa kuwa hakuwa amepata kifungua kinywa, alivuta pumzi kwa nguvu nyingi mno. Bwana Ngwada alimhesabia sahani mbili na nusu.

Hakujua kazi hata kidogo. Alimimina supu ya mkia kwenye kikombe cha kahawa. Mteja akamwita, "Wewe, kaka!" naye akageuka nyuma kumtafuta huyo kaka. Mteja mmoja alimfyonya. Mwingine alimwuliza mbona uso umemkunjamana, kwani amelazimishwa kazi?

Aliyemhurumia alikuwa Mzee Kitwana. Alimchukua pembeni, akamfundisha kushika trei.

"Usiishike kwa vidole, Mheshimiwa. Iache ikae kiganjani kama mtoto mchanga. Na wewe usiiwaze. Ukiiwaza inaanguka."

"Umefanya kazi hii muda gani, mzee?"

"Thelathini na moja."

"Siku?"

"Miaka, Mheshimiwa."

"Na kwa nini hustaafu?" aliuliza Waziri, na hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa hajui.

Mzee Kitwana akamsimulia habari ya chafya na bakuli, na ya hati inayongoja saini ya Waziri. Ilipofika Jumatano jioni Waziri alikuwa amekaa stoo kwenye gunia la viazi, viatu mkononi, miguu imefura kama maandazi, akilia.

"Mzee wangu, naapa kwa jina la mama yangu, Ijumaa nitakusainia ile hati. Ijumaa asubuhi! Kabla sijanywa chai!"

Mashavu, aliyekuwa akipanguza uma hapo karibu, alisikia kila neno. Ijumaa hiyo aliamka mapema, akaikunjua ile hati, akaipiga pasi.

Saa sita na nusu mchana msafara wa magari manane uliingia Neema Tele. Waziri alishuka, suti mpya, tai ya kijani, wapambe mbele na nyuma. Mashavu alimkimbilia na hati.

"Mheshimiwa! Ni mimi, Mashavu. Ile saini ya Mzee Kitwana!"

Waziri alimtazama kwa macho ya mtu anayetazama dirisha la duka lililofungwa. "Mama, kuna utaratibu," alisema. "Peleka ofisini, itashughulikiwa."

Na siku hiyohiyo, kabla ya kitindamlo, akatia saini makato mapya: ya kuchechemea, kwa kuwa wahudumu wanaochechemea wanaharibu sura ya nchi.

Jumatatu alikuja kazini anachechemea. Akakatwa.

"Nani amesaini hii?" alilia. Hakuna aliyemjibu, kwa heshima.

Wataalamu wa Karamani wameliandikia jambo hili vitabu vinne, wakakubaliana kwamba kumbukumbu ya miguu haipandi hadi kwenye tai. Alhamisi aliapa tena. Ijumaa akasahau tena. Jumapili, katika zile dakika zake arobaini na tano, Mashavu alimkalisha kitini, akamwekea chumvi na maji ya moto miguuni, akamshikisha kalamu.

"Saini basi sasa, Mheshimiwa, maadamu una huruma."

Waziri alisaini huku akilia. Jumatatu Mashavu aliipeleka hati mbio kwa karani wa mihogo. Karani alitikisa kichwa.

"Hii ni saini ya Jumapili, dada yangu. Jumapili yeye ni bakshishi. Bakshishi haina mamlaka ya kusaini. Nimekuandikia nyingine, lakini ije na saini ya Ijumaa."

Mashavu alirudi hotelini kwa miguu, na njia nzima alikuwa akizungumza peke yake. Siku anazoweza kusaini hataki. Siku anazotaka hawezi. Na Mzee Kitwana, tangu aanze kukatwa ya kuchechemea, alikuwa ameanza kutembea akiwa ameng'ata leso, ili goti lisionekane usoni.

*

Jibu lilimjia Ijumaa ya tatu, akiwa amesimama karibu na meza ya Waziri na bili mkononi.

Kila mtu anajua kwamba mawaziri wa Karamani hawalipi chakula. Wanasaini. Mhudumu huleta jalada jeusi la ngozi, bili ikiwa ndani, Waziri hufungua, husaini, hufunga, na hazina ya taifa huona yenyewe namna ya kufanya. Mashavu alikuwa amebeba majalada hayo kwa miaka kumi na moja. Na katika miaka kumi na moja, sasa alikumbuka, hakuwahi kumwona hata mmoja akisoma.

Alisema, "Naam, Mheshimiwa, naileta bili sasa hivi, naongeza tu kachumbari," akarudi jikoni mbio.

"Baba, kalamu!"

Mzee Kitwana alimpa. Mashavu aliitia ile hati ndani ya jalada, juu ya bili. Kisha akasita. Akachukua karatasi nyingine, yenye nembo ya hoteli, akaegemea pipa la unga, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la saba: *Kuanzia leo, bakshishi ni ya aliyepewa, yote, bila mgawo wala makato. Na mtumishi akatwe tu kile alichokubali kwa mdomo wake mwenyewe.*

"Nikiandika hivi, baba, ni kosa?"

Mzee Kitwana aliisoma, akaisoma tena. "Mwanangu, nimehudumia watawala miaka thelathini na mmoja. Nchi hii kosa ni kusoma. Kusaini hakujamfunga mtu bado."

Wahudumu wote walikuwa wamejua. Hakuna aliyewaambia, lakini jikoni habari husafiri na mvuke. Mpishi aliacha mwiko hewani. Mashavu aliitia na karatasi ile jaladani, akatembea kuelekea meza ya Waziri, na kila hatua aliiona ndefu kama barabara ya mkoa. Aliweka jalada mezani. Alifungua ukurasa.

Waziri alikuwa akiwasimulia wapambe wake habari za mkutano wa Ukarimu wa nchi za nje. Alichukua kalamu pasipo kuangalia. Akasaini. Mashavu akafunua. Akasaini. Akafunua.

Mkono wa Waziri ulisimama.

Kule nyuma, mpishi alisikika akimwomba Mungu kwa majina yote anayoyajua.

"Hizi ni karatasi tatu," alisema Waziri.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mmenitoza kachumbari mara mbili?"

"Kachumbari ni ofa, Mheshimiwa."

"Ahaa." Akasaini ya tatu. Mpambe wake, aliyekuwa na kazi ya kugonga mhuri kila kilichosainiwa, aligonga mhuri zote tatu, pamoja na kitambaa cha meza. Karatasi zikaenda mahali zinapokwenda karatasi zenye mhuri, na saa kumi alasiri zilikuwa zimetangazwa katika gazeti la serikali, kati ya uteuzi wa balozi na ombi la mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Bwana Ngwada alilisoma gazeti amesimama. Alilisoma amekaa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata sheria, alitoa ufunguo mfukoni, akakifungua kisanduku cha bati mbele ya wahudumu wote, akaanza kuita majina. Wahudumu walipiga vigelegele mpaka wateja wakadhani kuna harusi, na mmoja akatoa mchango.

"Mzee Kitwana," alisema Bwana Ngwada, na macho yake yalikuwa yamelengwa tena na machozi, ila safari hii hakumkata mtu. "Huna deni. Uko huru kwenda."

Mzee Kitwana aliketi chini kwenye zulia, palepale. Hakulia, hakucheka. Alisema tu, "Sasa dada yangu atapumzika kupaka chokaa."

Waziri alikuwa mlangoni anaelekea kwenye gari. Bwana Ngwada alimfuata, gazeti mkononi.

"Samahani, Mheshimiwa. Amri inasema bakshishi ni ya aliyepewa. Yote."

"Vizuri. Mimi inanihusu nini?"

"Wewe ni bakshishi, Mheshimiwa. Sasa ni wa Mashavu siku zote saba. Hata Ijumaa."

Dereva, aliyekuwa amesikia, alipandisha kioo na kuondoka taratibu.

Waziri alisimama kwenye ngazi za Neema Tele, jua la alasiri likimpiga kichwani, wapambe wakimpungukia mmoja mmoja. Kisha miguu yake ikakumbuka yote kwa pamoja: zulia, pilau, gunia la viazi, maji ya chumvi. Akageuka kumtazama Mashavu, na uso wake ulikuwa wa Jumatano.

"Dada Mashavu," alisema kwa sauti ndogo. "Utanifanyia nini?"

Mashavu alimtazama. Mara nyingi usiku alikuwa ameshatunga mambo ya kumfanyia mtu huyu, mengine hata hayafai kusimuliwa. Lakini sasa alimwona ana mafua na kiatu kimoja kimefunguka kamba.

"Umewahi kubeba sanduku?" akamwuliza.

*

Jumamosi asubuhi watu wa Sahanini waliona jambo wasilolisahau. Mzee Kitwana alikuwa anapita Barabara ya Shibe, shati jeupe, fimbo mkononi, anachechemea kwa raha zake bila kung'ata kitu. Pembeni yake alikuwa Mashavu, amemshika mkono. Nyuma yao alikuwa Mheshimiwa Daktari Pius Shangwe na sanduku la bati kichwani, miaka thelathini na mmoja ya mtu ikiwa ndani yake, na halikuwa zito sana.

Walipofika stesheni, treni ya Kigongoni ilikuwa inapiga honi. Waziri alilipandisha sanduku, akalisukuma chini ya kiti, akashuka akihema.

"Mashavu, mwanangu," alisema Mzee Kitwana kutoka dirishani, "ukipata likizo njoo. Kuna chumba. Utakikuta kimepakwa."

"Nitakuja, baba. Na sasa kwa likizo hanikati mtu."

Wakacheka wote wawili, wakashindwa kuacha, na Mashavu akajikuta analia ndani ya kicheko hichohicho.

"Na wewe, Mheshimiwa," aliendelea mzee, "umejitahidi. Hukuiwaza trei." Akanyoosha mkono dirishani, akamtilia Waziri kitu kiganjani. "Ukanywe soda."

Treni iliondoka. Mashavu aliipungia leso mpaka behewa la mwisho likapotea kwenye kona, kisha akageuka.

"Haya, Mheshimiwa, umemaliza. Nenda kwako ukapumzike. Nami sina pa kukuweka."

Lakini Waziri hakusogea. Alikuwa amekifungua kiganja, anaitazama sarafu ya tonge moja. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akangoja, kama mtu anayejua kwamba lazima atatokea mtu mwenye kitabu chekundu. Wachuuzi wa karanga walipita. Mama mmoja alipita na kuku. Hakuna aliyekuja.

Polepole, kidole kimoja kimoja, akafumba ngumi.